Kuoanisha Mashine ya Santuri na Amplifaya Nyumbani

Mtu anayenunua mashine ya santuri kwa mara ya kwanza huuliza amplifaya yake iwe na wati ngapi, au kama ni lazima vifaa vyote viwili vitoke katika kampuni moja. Maswali hayo hayana ubaya, lakini hayagusi kiini cha jambo. Wati ni hesabu baina ya amplifaya na spika, na mashine ya santuri haihusiki nayo hata kidogo. Tena kampuni moja inaweza kutengeneza mashine nzuri na amplifaya nzuri ambazo hazifai kuunganishwa moja kwa moja. Vinavyooanishwa hasa ni vitu viwili vidogo ambavyo wanunuzi wengi hawavitazami: katriji, yaani kile kidude kinachobeba sindano kwenye ncha ya mkono, na saketi ya kwanza inayopokea umeme wa katriji hiyo, iwe ndani ya amplifaya au nje yake. Saketi hiyo huitwa saketi ya fono. Ikipatana na katriji, kazi iliyobaki ni nyepesi. Isipopatana nayo, spika za bei ya gari hazitasaidia kitu.

Kinachotoka kwenye sindano

Sindano inapopita katika mfuo wa santuri hutikisika, na mtikisiko huo hugeuzwa kuwa umeme kwa sumaku na koili zilizomo ndani ya katriji. Katika katriji za aina ya MM (moving magnet), sumaku ndiyo inayotikiswa na koili zimetulia. Katika zile za MC (moving coil), koili ndizo zinazotikiswa na sumaku imetulia. Koili inayotikiswa haina budi kuwa nyepesi, kwa hiyo huwa na mizunguko michache ya waya, na mizunguko michache huzalisha umeme kidogo. Ndiyo sababu katriji ya MM hutoa kwa kawaida kati ya milivolti 3 na 6, ilhali MC nyingi hutoa milivolti 0.2 hadi 0.5 tu. Mashine ya CD hutoa hadi milivolti 2,000. Anayechomeka mashine ya santuri kwenye tundu lililoandikwa CD au AUX, bila kupitia saketi ya fono, asishangae kusikia muziki kama unatoka nyumba ya tatu.

Udogo wa umeme si shida pekee, maana santuri haichongwi kwa sauti jinsi ilivyo. Besi zikiachwa na nguvu zake zote, mfuo huyumba hadi kuvamia mfuo wa jirani, na dakika za muziki zinazoenea upande mmoja hupungua sana. Kwa hiyo wakati wa kuchonga besi hupunguzwa, na sauti nyembamba za juu huongezwa ili zisimezwe na mchakacho wa uso wa santuri. Kipimo cha kupunguza na kuongeza kiliwekwa mwaka 1954 na chama cha kampuni za santuri za Marekani, RIAA, na jina la chama hicho ndilo linalotumika hadi leo kukitaja kipimo chenyewe. Si kipimo kidogo: ukilinganisha na masafa ya hezi 1,000, yaani mitikisiko 1,000 kwa sekunde, besi za hezi 20 hushushwa kwa karibu desibeli 20, na sauti za hezi 20,000 hupandishwa kwa kiasi kama hicho hicho.

Saketi ya fono, basi, ina kazi mbili: kuukuza umeme wa katriji, na kuugeuza upya uwiano huo ili besi zirudi na sauti za juu zishuke mahali pake. Santuri isiyopitia saketi hii hutoa sauti hafifu, isiyo na besi, inayokwaruza masikio. Kuzungusha kitufe cha sauti hadi mwisho huongeza ukali huo huo.

Tazama mgongo wa kila kifaa

Amplifaya nyingi za miaka ya 1970 na 1980 zilikuwa na matundu yaliyoandikwa PHONO. Baada ya CD kuingia sokoni mwaka 1982 na kuenea, watengenezaji wengi waliyaondoa ili kupunguza gharama, na siku hizi, santuri ziliporudi, baadhi yao wameyarudisha. Kwa hiyo umri wa amplifaya hautoshi kukuambia kitu, wala jina la kampuni. Cambridge Audio AXA35 ina tundu la fono, ilhali AXA25, ndugu yake mdogo anayefanana nayo kwa sura, haina. Yamaha A-S301 na Denon PMA-600NE zote zinayo, na zote zimekusudiwa katriji za MM. Njia ya uhakika ni kuigeuza amplifaya na kusoma maandishi ya mgongoni.

Upande wa mashine ya santuri pia kuna tofauti. Technics SL-1200, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1972, haina saketi ya fono ndani yake. Audio-Technica AT-LP60X na AT-LP120XUSB zinayo, pamoja na swichi ndogo yenye maneno mawili, PHONO na LINE. Ikiwa LINE, umeme hutoka ukiwa umekwisha kukuzwa na kurekebishwa. Ikiwa PHONO, hutoka ulivyotoka kwenye katriji.

Kanuni ya kuunganisha ni kwamba umeme wa katriji upite katika saketi ya fono mara moja tu. Mashine isiyo na saketi hiyo na amplifaya yenye tundu la fono huunganishwa moja kwa moja, PHONO kwa PHONO. Mashine yenye saketi na amplifaya isiyo nayo huunganishwa kwa kuweka swichi kwenye LINE na kuchomeka AUX, CD au tundu jingine lolote la kawaida. Ikiwa vyote viwili havina, inunuliwe saketi ya fono iliyo katika kijisanduku chake, nayo iwekwe katikati. Wenye spika zinazojiendesha, yaani zenye amplifaya ndani, wazihesabu kuwa ni amplifaya isiyo na fono, isipokuwa pale ilipoandikwa vinginevyo.

Hali inayowachanganya watu ni ile ya nne, ambapo mashine inayo na amplifaya inayo. Hapo mtu huacha swichi kwenye LINE, akachomeka PHONO, na muziki ukatoka kwa kishindo, besi zimevimba, maneno ya mwimbaji hayasikiki kwa kukwaruza. Umeme umekuzwa mara mbili na kurekebishwa mara mbili. Chagua saketi moja. Kwa maoni yangu, amplifaya ya heshima huwa na saketi ya fono bora kuliko ile iliyobanwa ndani ya mashine ya bei nafuu, kwa hiyo anza kwa kuweka swichi kwenye PHONO; lakini jaribu pia njia ya pili, ukihakikisha kuwa sauti zote mbili ni za ukubwa mmoja kabla ya kutoa hukumu, kwani sikio hupendelea siku zote ile iliyo kubwa zaidi.

Zima amplifaya kila unapochomeka au kuchomoa waya, na unapoiwasha tena kitufe cha sauti kiwe chini kabisa. Tundu la fono hukuza mara mia au zaidi, na mgongano wa plagi iliyolegea unaweza kuua koni ya spika mara moja. Kwa sababu hiyo hiyo, simu au mashine ya CD isichomekwe PHONO kamwe.

Hesabu ya kukuza

Ukuzaji wa desibeli 40 ni sawa na kuzidisha kwa 100, na desibeli 60 ni kuzidisha kwa 1,000. Saketi za MM huwa karibu na desibeli 40, na za MC karibu na 60. Lengo ni kuifikishia amplifaya kiasi cha milivolti 300 hadi 600, kiwango ambacho kitufe cha sauti kitafanya kazi katika eneo lake la kawaida, yaani kati ya robo na nusu ya mzunguko.

Chukua Ortofon 2M Red, katriji ya MM iliyofungwa katika mashine nyingi za daraja la kati. Hutoa milivolti 5.5, na kwa desibeli 40 zinakuwa 550. Ndoa hiyo haina mgogoro. Chukua sasa Denon DL-103, katriji ya MC iliyobuniwa miaka ya mwanzo ya 1960 kwa ajili ya shirika la utangazaji la Japani, NHK, na ambayo bado inatengenezwa. Hutoa milivolti 0.3. Kwenye tundu la MM zitakuwa milivolti 30 tu: utalazimika kufungua sauti karibu hadi mwisho, na hapo utasikia mvumo wa saketi yenyewe ukishindana na muziki. Kwa saketi ya MC ya desibeli 60 utapata milivolti 300, na mambo yatatengemaa.

Kuna njia ya kati kwa mwenye amplifaya nzuri yenye MM pekee, nayo ni transfoma ya kupandisha. Transfoma ya uwiano wa 1 kwa 10 hugeuza milivolti 0.3 kuwa 3, kiasi ambacho tundu la MM hukipokea bila malalamiko. Lakini transfoma haipandishi umeme tu; hubadilisha pia ukinzani ambao katriji inauona mbele yake, kwa kugawa ukinzani wa tundu kwa mraba wa uwiano. Tundu la omu 47,000 likitazamwa kupitia transfoma ya 1 kwa 10 huonekana kuwa omu 470. Kupitia transfoma ya 1 kwa 20, huonekana kuwa takriban omu 118. Denon DL-103 ina ukinzani wa ndani wa omu 40, kwa hiyo 470 inaiacha ipumue, ilhali 118 hula karibu robo ya umeme wake na kubadilisha sauti. Wapo wanaoipenda sauti hiyo iliyotulia, nami sigombani nao, ila anayechagua uwiano mkubwa kwa tamaa ya sauti kubwa tu ajue kwamba hapati ile mara mbili aliyoitarajia.

Zipo pia MC zenye umeme wa juu, kati ya milivolti 1.5 na 2.5, ambazo zimetengenezwa makusudi kwa tundu la MM. Hizi hazihitaji transfoma.

Kosa la upande mwingine ni kuzidisha. Katriji za wapiga disko zilitengenezwa zitoe umeme mwingi ili zishinde kelele za ukumbi. Shure M44-7, iliyoacha kutengenezwa mwaka 2018, ilitoa milivolti 9.5. Na takwimu za watengenezaji hutajwa kwa kasi ya kawaida ya sindano, wakati vilele vya muziki kwenye santuri iliyochongwa kwa nguvu huweza kuruka mara kadhaa juu ya hapo. Ukitaka kutumia katriji ya namna hiyo, tafuta katika kijitabu cha amplifaya kiwango cha juu ambacho tundu la fono linastahimili. Milivolti 100 au zaidi ni salama. Ukikuta kiwango ni kidogo sana, utasikia ngoma zikipasuka hata ukipunguza sauti, kwa kuwa mpasuko unatokea kabla umeme haujafika kwenye kitufe hicho.

Katika kijitabu hicho hicho kuna takwimu nyingine yenye manufaa, unyeti wa tundu. Ukisoma kwamba tundu la fono lina unyeti wa milivolti 2.5, maana yake ni kwamba katriji ya milivolti 2.5 itaifikisha amplifaya kwenye nguvu zake zote kitufe kikiwa mwisho. Katriji ya 5 itakuwa na akiba ya kutosha; ya 1 haitafika.

Waya mrefu, sauti kali

Hapa ndipo penye mambo mengi na ndipo wauzaji wengi hunyamaza. Karibu kila tundu la MM duniani lina ukinzani wa omu 47,000, na karibu kila katriji ya MM imebuniwa kwa ukinzani huo, kwa hiyo suala la ukinzani limekwisha. Lisilokwisha ni la kapasitansi, yaani uwezo wa waya na saketi kuhifadhi chaji ya umeme, inayopimwa kwa pikofaradi, ambayo hujilimbikiza bila mtu kuiona. Waya ulio ndani ya mkono wa mashine unayo kidogo, waya unaokwenda kwenye amplifaya unayo, mara nyingi karibu pikofaradi 100 kwa kila mita, na tundu la fono lenyewe lina kapasita iliyowekwa na mtengenezaji. Jumla ya zote tatu ndiyo mzigo wa katriji.

Mzigo huo una maana kwa sababu koili za katriji ya MM zina induktansi kubwa, yaani tabia ya koili kupinga mabadiliko ya umeme, na induktansi ikikutana na kapasitansi huunda mwangwi wa umeme, yaani kilele cha nguvu, katika masafa fulani. Tuchukue katriji yenye induktansi ya henri 0.5, kiasi cha kawaida kwa MM. Tuseme waya wa mkono una pikofaradi 30, waya wa nje wa zaidi kidogo ya mita moja una 120, na amplifaya ya zamani ina 220 ndani ya tundu lake. Jumla ni 370, na mwangwi unaangukia karibu na hezi 11,700, katikati kabisa ya eneo la matoazi na herufi “s” za mwimbaji. Sauti hapo huchongoka, kisha juu ya masafa hayo huporomoka ghafla. Badilisha waya uwe mfupi wenye pikofaradi 90, na saketi ya fono iwe yenye 50; jumla inakuwa 170, mwangwi unapanda hadi karibu hezi 17,300, mahali ambapo watu wazima wengi hawasikii vizuri tena. Katriji ni ile ile, santuri ni ile ile.

Watengenezaji hutaja kiwango wanachokitaka. Katriji za Audio-Technica za mfululizo wa VM95 zinataka pikofaradi 100 hadi 200. Zile za Ortofon 2M zinataka 150 hadi 300. Shure V15 Type III ya zamani ilitaka 400 hadi 500, na ukiipa 150 sauti yake hupoa. Katriji za Grado zina induktansi ndogo kiasi kwamba kapasitansi haizisumbui, jambo linalofaa kukumbukwa na mwenye amplifaya kongwe ambayo hataki ifunguliwe na fundi. Kwa wengine, ushauri wangu ni kuanza na mzigo mdogo. Kuongeza kapasitansi ni rahisi, kwani kapasita ndogo huuzwa kwa senti chache na saketi nyingi za nje zina swichi za kuiongeza. Kuipunguza huhitaji kubadilisha waya au kufungua amplifaya.

Inafuata kutokana na haya kwamba waya kati ya mashine na saketi ya fono uwe mfupi, mita moja au pungufu. Ikiwa amplifaya iko mbali, kwa mfano imewekwa kwenye kabati la runinga upande wa pili wa sebule, usinunue waya wa mita tano kutoka kwenye mashine. Weka kijisanduku cha fono karibu na mashine, kisha waya mrefu utoke kwenye kijisanduku kwenda AUX. Baada ya kukuzwa, umeme huo hausumbuliwi na urefu wa kawaida wa nyumbani.

Kwa katriji za MC zenye umeme mdogo mambo hugeuka: kapasitansi haina uzito, ukinzani ndio unaopangwa. Kanuni inayotumika sana ni kuipa katriji ukinzani usiopungua mara kumi ya ule wa ndani yake. Omu 100 hufaa kwa nyingi.

Mngurumo na waya wa ardhi

Saketi inayozidisha mara mia au elfu huzidisha pia uchafu wowote unaoingia, na uchafu ulio karibu zaidi ni mngurumo wa hezi 50 wa umeme wa nyumba. Waya mwembamba unaotoka kwenye mashine pamoja na plagi mbili za RCA, yaani zile za kawaida za waya wa sauti, ambao mafundi huuita ethi, hufungwa kwenye skrubu iliyoandikwa GND. Skrubu hiyo iwe ya kifaa chenye saketi ya fono inayotumika: ikiwa unatumia kijisanduku cha nje, funga hapo na si kwenye amplifaya. Waya huu hauna uhusiano na ethi ya usalama ya ukutani, na wala plagi ya ukutani isikatwe pini yake ya ethi kwa nia ya kuondoa mngurumo. Hiyo ni hatari ya kifo. Mashine za Rega hazina waya wa peke yake kwa sababu ethi yake hupitia kwenye ganda la waya wa RCA, kwa hiyo mwenye Rega asiutafute.

Ili kujua chanzo cha mngurumo, inua sindano, acha sahani isizunguke, na ongeza sauti taratibu. Gusa mkono wa mashine kwa kidole: mngurumo ukibadilika, ethi haijafunga vizuri. Usipobadilika, sogeza mashine mbali na amplifaya kadiri waya unavyoruhusu. Ukipungua kwa kusogezwa, kosa ni uga wa sumaku wa transfoma ya amplifaya unaoingia kwenye koili za katriji, na hakuna waya utakaouponya isipokuwa nafasi. Mkono wa mashine huwa upande wa kulia, basi amplifaya ikae kushoto au rafu ya chini, na kamwe isiwe chini ya katriji kabisa. Mngurumo wa upande mmoja tu mara nyingi ni pini chafu za katriji au plagi iliyolegea. Unaotokea pale tu king'amuzi cha runinga au kompyuta vinapounganishwa ni mzunguko wa ethi, yaani vifaa vimeunganishwa na ethi kwa njia zaidi ya moja. Chomoa kifaa kimoja kimoja hadi umpate mwenye kosa.

Besi zisizo za muziki ni jambo jingine. Santuri iliyopinda huinua na kushusha sindano chini ya hezi 10, na amplifaya huupeleka mwendo huo kwenye spika kwa bidii ile ile, hadi koni zinaonekana zikipumua bila sauti. Wati zinapotea bure. Amplifaya yenye swichi ya kuchuja besi za chini kabisa, ambayo huandikwa SUBSONIC au LOW FILTER, ni mwenzi mwema wa mashine ya santuri, na iwashwe bila aibu.

Mashine iliyotoka ng'ambo

Vifaa vingi vya mitumba vinavyoletwa Afrika Mashariki vilitengenezwa kwa nchi nyingine. Tanzania hutumia volti 230 na Kenya 240, zote kwa hezi 50. Marekani hutumia volti 120 kwa hezi 60. Japani ni volti 100, hezi 50 upande wa mashariki ya nchi na 60 upande wa magharibi. Transfoma hubadilisha volti, haibadilishi hezi. Mashine ya santuri ya zamani inayozungushwa kwa mkanda, yenye mota ya AC (umeme geu, kama wa ukutani), hufuata hezi za umeme, na iliyotengenezwa kwa hezi 60 ikifanya kazi kwa hezi 50 huzungusha santuri ya mizunguko 33⅓ kwa mizunguko 27.8 hivi kwa dakika. Sauti ya mwanamke inashuka hadi kumchanganya msikilizaji. Tiba ni puli ya hezi 50, yaani kigurudumu cha mota kinachovuta mkanda, kama inapatikana kwa mashine hiyo. Ulizia kabla ya kulipa.

Mashine zinazodhibitiwa na kioo cha kwatsi, kama Technics SL-1200MK2 ya mwaka 1979, hujihesabia kasi zenyewe na hazijali hezi za ukutani. Zinataka volti sahihi tu. Zile zinazotumia adapta ndogo zinahitaji kusomwa lebo: adapta inayotoa DC (umeme wa mkondo mmoja) hubadilishwa kwa nyingine ya volti zile zile na mpangilio ule ule wa chanya na hasi, lakini inayotoa AC huendelea kupitisha hezi za ukutani hadi kwenye mota. Kwa amplifaya ya Marekani, transfoma ya kushusha volti iwe na uwezo unaozidi wati za matumizi zilizoandikwa mgongoni, na lebo iwe inasema 50/60 Hz. Iliyoandikwa 60 pekee transfoma yake itapata joto kupita kiasi.

Santuri za zamani

Anayecheza santuri mpya za stereo amemaliza kazi yake hapa. Mwenye sanduku la santuri ndogo za mizunguko 45 za miaka ya 1960, ambazo nyingi ni za mono, atafute amplifaya au saketi ya fono yenye kitufe cha MONO. Mfuo wa mono hutikisa sindano kwa ubavu tu, huku vumbi na mikwaruzo vikiitikisa pia juu na chini. Kuunganisha pande mbili kuwa moja hufuta sehemu ya kelele ambayo si ya muziki, na tofauti husikika mara moja. Amplifaya za zamani karibu zote zilikuwa nacho. Nyingi za sasa hazina.

Santuri za mizunguko 78 zinadai zaidi. Mfuo wake ni mpana, unaohitaji sindano ya karibu mikroni 75 badala ya 18 za kawaida, na mashine lazima iwe na kasi hiyo, kama AT-LP120XUSB iliyotajwa. Santuri ambazo Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928 kwa ajili ya kampuni ya santuri ya HMV zilichongwa miaka 26 kabla ya kipimo cha RIAA, bila kuongezewa sauti za juu jinsi ilivyofanywa baadaye, kwa hiyo saketi ya fono ya leo inapozishusha sauti hizo inashusha kitu ambacho hakikuwahi kupandishwa, na uimbaji unatoka umefifia. Saketi zenye swichi ya kuchagua vipimo vya zamani zipo na ni ghali. Mwenye amplifaya iliyo na vitufe vya besi na trebo anaweza kuanza kwa kupandisha trebo robo ya mzunguko, kusikiliza, na kuendelea polepole hadi maneno ya utenzi yasikike vizuri, akisimama pale mchakacho unapoanza kuushinda wimbo.